Karo Isiyo na Risiti

Barua ya kuniita chuoni bado ninayo. Imekunjwa mara nne na pembe moja ina alama ya chai, lakini maandishi yanasomeka. Inataja karo ya masomo, shilingi 16,000 kwa mwaka. Inataja pesa za matibabu, za kitambulisho, za maktaba, za amana ambayo ningerudishiwa nikimaliza, hata idadi ya picha za pasipoti nilizopaswa kubeba. Siku ya kuripoti imepigwa mstari. Siku ya kumaliza haimo. Kuna maneno mawili tu, "miaka minne", na mamangu siku ile pale Kisauni, Mombasa, aliyaamini kama alivyoiamini ile 16,000. Akanihesabia kwa vidole: 2022, 2023, 2024, 2025. Kidole cha nne akakikunja, akacheka.

Niliingia Septemba 2021. Wiki ijayo, nikijaliwa, nitavaa joho, na kidole cha tano kimeshapinda zaidi ya nusu. Sikuanguka somo hata moja. Sikuugua, sikuahirisha muhula, sikufukuzwa. Nilikuwepo muda wote, na huo muda wenyewe ndio ninaotaka kuuzungumzia.

Chuo nilichosoma sitakitaja. Ningekitaja, mwenzangu wa chuo kingine chochote cha umma hapa Nairobi angeshangaa, maana angedhani nasimulia cha kwake.

Nimesomea uchumi. Muhula wa kwanza kabisa hufundishwa kwamba bei ya kitu ni pesa unayotoa pamoja na kile ulichokiacha ili ukipate. Walionifundisha hayo, na mimi niliyeyaandika kwenye mtihani nikapata maksi, hatukuwahi kuyageuza tukaikagua taasisi tuliyokuwa tumekaa ndani yake. Kila mjadala wa elimu ya juu nchini ni wa shilingi: karo ipande, karo isipande, serikali itoe ngapi, mzazi atoe ngapi. Miezi haina msemaji. Baada ya miaka hii yote naamini chuo cha umma kina karo mbili. Moja hulipwa benki ukapewa risiti. Nyingine hulipwa kwa kungoja, na humwelemea zaidi aliye na kidogo.

Mgomo wa wahadhiri ukitangazwa, mwanafunzi aliyepanga nyumba ana njia mbili. Abaki, ale na alipe kodi bila kusoma, au aende kwao. Anayetoka Rongai, kando ya Nairobi, hupanda matatu akalala kwa wazazi. Mimi kwetu ni Mombasa. Nilipoanza chuo, nauli ya treni ya SGR daraja la kawaida ilikuwa 1,000. Januari 2024 ikapanda hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000, kabla hujahesabu gari la kukufikisha stesheni ya Syokimau wala la kukutoa stesheni ya Miritini mpaka Kisauni. Nilikuwa nimepanga singo, yaani chumba kimoja, Githurai 45 kwa 4,500 kwa mwezi. Keateka wetu, msimamizi wa nyumba, mzee mpole asiyependa ugomvi, kila tarehe tano alibisha mlango na neno lilelile: "Kijana, walimu wamegoma, lakini nyumba haijagoma."

Mgomo wa 2025 ulitukuta tumebakiza mitihani ya muhula wa mwisho, kwa sababu ratiba ilikuwa imeshasukumwa mbele na ule wa 2024, ulioanza Septemba, ukasitishwa, ukarudi tena kabla ya mwaka kwisha. Huu wa 2025 ulianza katikati ya Septemba ukaisha Novemba 5. Siku 49. Kodi ya miezi miwili ni 9,000. Tia nauli, ni 12,000. Karo ya mwaka mzima ni 16,000. Yaani mgomo mmoja ulinitoza robo tatu ya karo ya mwaka, na pesa hizo hazikuingia hazina ya chuo wala mfuko wa mhadhiri. Ziliyeyuka tu, baina ya mwenye nyumba na shirika la reli.

Asidhani mtu kwamba nawalaumu wahadhiri. Walichogomea ni shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa pamoja wa mishahara wa 2017 hadi 2021. Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha kwanza, suruali ya shule imenizidi urefu. Nikapanda madarasa, shule zikafungwa kwa korona mwaka 2020, nikafanya KCSE ya 2020, mtihani wa kidato cha nne, katika mwaka wa 2021, Waziri wa Elimu Profesa George Magoha akatangaza matokeo Mei, nikaingia chuo, nikafika mwaka wa mwisho, na mwalimu aliyesimama mbele yangu alikuwa bado anadai deni lililoanza siku nilipovaa suruali ile. Makubaliano yaliyowarudisha darasani yalikuwa ya kulipwa kwa awamu mbili, kwa hiyo hata waliporudi walikuwa bado wanangoja awamu ya pili. Mwalimu na mwanafunzi walikuwa foleni moja. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mbele kidogo, na ana chama.

Foleni yenyewe ni ya zamani. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Waliotoka sekondari wakarundikana mpaka 1987 vyuo vikalazimika kupokea makundi mawili kwa mpigo. Mwaka 1990 ikawa vivyo hivyo, wa mwisho wa kidato cha sita wakiingia mlango mmoja na wa kwanza wa 8-4-4, mfumo mpya usio na kidato cha sita. Na kwa miaka mingi baadaye, aliyefaulu kidato cha nne akaitwa na serikali alikaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kukanyaga darasa la chuo. Mjomba wangu aliisukuma miaka yake miwili pamoja na mkokoteni wa maji huko Changamwe. Ukimwuliza leo anacheka, lakini anakwambia idadi ya madebe.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha masomo sambamba kwa wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Wengi wameyaandika masomo yale kama habari ya pesa, au kama dhambi ya kumpa mwenye alama ndogo kozi ya mwenye alama kubwa. Mimi naona bidhaa kuu iliyokuwa mezani ilikuwa muda. Darasa lilikuwa moja, mhadhiri mmoja, cheti kimoja. Lakini mwenye kulipa aliingia miezi michache baada ya matokeo, huku aliyefaulu zaidi yake akiwa bado nyumbani anangoja zamu. Kuna wanafunzi wa darasa moja la sekondari ambao mmoja alikaribia nusu ya shahada siku mwenzake mwenye alama bora alipokuwa akinunua godoro la kwenda nalo. Serikali iliwaweka wasio na pesa kwenye foleni, kisha vyuo vikauza njia ya kuiruka foleni hiyo. Sijui kama kuna aliyekaa akapanga hivyo. Nadhani hapakuhitajika kupanga.

Soko hilo lilivunjika na mtihani wa kidato cha nne wa 2016. Wizi wa mitihani ulipobanwa, waliopata A nchi nzima wakawa 141 tu, na waliofikisha C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, wakapungua chini ya 90,000. Nafasi zikazidi watu, serikali ikawachukua wote, na mnunuzi wa masomo sambamba akatoweka. Vyuo vilikuwa vimeshajenga, vimeajiri, vimefungua matawi kila mji kwa kutegemea pesa zile. Madeni ya vyuo vya umma yakaja kupita shilingi bilioni 60. Sisi wa 2021 tuliingia nyumba ambayo sherehe imeisha na mwenye hema anasubiri kulipwa.

Hapo ndipo maksi zinapopotelea. Mtu wa nje hudhani maksi zilizopotea ni uzembe wa karani. Uzembe upo, lakini fuata uzi utafika kwenye deni. Mwaka wa pili nilifanya somo la takwimu: CAT mbili, yaani majaribio ya katikati ya muhula, na mtihani wa mwisho. Matokeo yalipotoka, potali, tovuti ya chuo ya wanafunzi, ikaonyesha kistari mahali pa alama. Nikaenda idarani. Mama wa mapokezi, ambaye ndani ya miaka hii amekuwa kama shangazi yangu, akaniambia mhadhiri alikuwa wa mkataba wa muda, amemaliza muhula, amekwenda, na yeye pia ana madai yake. "Jaribu wiki ijayo, mwanangu." Nilijaribu wiki ijayo kwa miezi kumi na mmoja. Nilipewa barua ya kupeleka kwa mwenyekiti wa idara, mwenyekiti akanielekeza kwa mkuu wa kitivo, ofisi ya mkuu wa kitivo ikaniuliza kama nimeanzia idarani. Kilichoniokoa ni picha. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alikuwa ameninong'oneza mapema: kila ukitia sahihi karatasi ya mahudhurio, piga picha. Huo ndio ushauri bora wa kitaaluma niliopewa chuoni, na haukutoka kwa mtu mwenye shahada.

Nchi hii ilizindua M-Pesa mwaka 2007. Mama mboga wa Githurai anajua ndani ya sekunde chache kama shilingi ishirini zimeingia au hazijaingia. Umbali wa matatu moja kutoka kibanda chake kuna taasisi yenye maprofesa wa kompyuta isiyojua maksi za mtu zimelala droo gani. Tatizo hapa si teknolojia. Mama mboga anajua haraka kwa sababu asipojua hasara ni yake. Maksi zangu zikilala droo mwaka mzima, hasara ni yangu, na droo haina njaa.

Sasa niseme la upande wa pili, maana nisipolisema nitakuwa mwongo. Sehemu kubwa ya elimu niliyotoka nayo niliipata nikingoja. Siku za mgomo nilizobaki Nairobi, nilikuwa nikishuka mjini asubuhi kwa nauli ya saa zisizo na msongamano, nikakaa Maktaba ya McMillan pale Barabara ya Banda, jengo la 1931 lenye simba wa mawe mlangoni na baridi ya ajabu ndani. Nilisoma humo vitabu ambavyo mtaala wangu haukuwa na haja navyo. Mchana nilivuka hadi bustani ya Jevanjee, ambako Bunge la Mwananchi, baraza la raia wa kawaida, huketi kwenye viti vya saruji na kujadili bajeti ya taifa kwa sauti kubwa kuliko wanaoipitisha. Pale ndipo nilipojifunza kubishana na mtu mzima bila kumvunjia heshima. Unaanza na "mzee wangu, niruhusu", kisha ndio unamkata. Mzee mmoja alinieleza kwamba "mwakenya", jina tunalokiita kijikaratasi cha kuibia mtihani, lilikuwa la vuguvugu la siri la miaka ya 1980, na kwamba watu walifungwa jela kwa kukutwa na karatasi zake. Nilikuwa nimelisikia neno hilo mara elfu moja katika vyumba vya mtihani. Hakuna darasa lililowahi kuniambia lilikotoka.

Na Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipowatoa vijana barabarani, tulikuwa kizazi kilichokwisha zoezwa kungoja tangu kidato cha nne, na nadhani sehemu ya hasira ile ilitoka humo. Watu waliandika kuhusu kodi ya mkate, na kodi ya mkate ilikuwepo kweli. Lakini nilichokisikia nikiwa katikati ya wenzangu, wengi wao wana vyeti vya miaka miwili au mitatu nyuma, kilikuwa kilio cha waliochoka kuambiwa "bado". Rais alipotangaza Juni 26 kwamba hatatia sahihi, siku moja baada ya bunge kuvamiwa na watu kupigwa risasi, baadhi yetu tulishangaa kwamba kumbe serikali inaweza kujibu jambo ndani ya saa ishirini na nne.

Kwa hiyo siwezi kusema muda ule wote ulipotea. Lakini angalia nilivyoutumia: maktaba, bustani, mjadala. Hiyo ni starehe ya mtu ambaye mamangu, kutoka kwenye meza yake ya viazi karai, alikuwa akimtumia mia tatu hapa, mia tano pale. Waswahili wana "subira huvuta heri" na wana "ngojangoja huumiza matumbo", na ipi kati ya hizo utakayoisema hutegemea sana ulikula nini asubuhi.

Mwaka wa kwanza nililala bweni, chumba cha wawili tukiwa wanne, wawili wenye vitanda na wawili wa kupairati, yaani kulala kwa siri bila nafasi yao. Mmoja wa maharamia hao alikuwa kijana wa Lodwar, hesabu kwake ilikuwa kama maji ya kunywa. Alikuwa akinifundisha kalkulasi usiku kwa tochi ya simu, na malipo yake yalikuwa nusu ya chapati-madondo yangu. Mgomo wa 2024 ulipoanza hakuwa na nauli ya kwenda Lodwar, na huko nako hakukuwa na wa kumlisha. Akaenda mjengoni Ruaka. Mgomo uliposimamishwa alikuwa ameahidi kumaliza slabu ya wiki ile. Ulipoanza tena akawa ameshajulikana na fundi, anapewa kazi ya kupima, pesa kidogo zaidi. Masomo yaliporudi kwa kweli, alikuwa anamsomesha mdogo wake sekondari. Hakuacha chuo. Alichelewa kurudi, kisha akachelewa zaidi. Naambiwa jina lake bado limo kwenye potali, mwanafunzi halali wa mwaka wa tatu, na ukihesabu walioacha masomo hutampata.

Huyo ndiye aliyenifanya nianze kupiga hesabu hizi. Mgomo mmoja, siku zilezile, ulinipa mimi maktaba na ukampa yeye koleo, na kuna mwenzetu wa tatu, babake ana duka Parklands, ambaye alihamia chuo cha kibinafsi cha mihula mitatu kwa mwaka na sasa ana mwaka mzima wa kazi. Tuliingia siku moja.

Dadangu mdogo aliingia chuo 2023, wa kwanza katika mfumo mpya wa ufadhili uliozinduliwa na Rais Ruto Mei mwaka huo. Nyumba ileile, mama yuleyule, meza ileile ya viazi, bei tofauti kabisa na yangu. Mfumo unampanga kila mwanafunzi katika bendi kwa kadiri ya uwezo wa familia, kisha unagawa gharama kati ya ruzuku, mkopo na familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema unakiuka Katiba, baadaye Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na familia zimebaki katikati. Mimi si mpinzani wa wazo lenyewe. Karo ya 16,000 kwa mtoto wa waziri na mtoto wa muuza viazi ilikuwa haki ya ajabu. Kinachonikera ni kwamba fomu iliuliza habari za wazazi, ukubwa wa familia, mahali mtu anakotoka na kozi anayoisoma, na katika maswali yote hayo hakuna aliyeuliza: mkicheleweshwa mwaka mmoja, mtaweza? Bei imepanda na bidhaa bado haina tarehe.

Tarehe zipo, lakini zote ziko upande mmoja. Anayekopa kwa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1995, anatarajiwa kuanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Riba ni asilimia 4, na anayezembea hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Sibishi, deni ni deni. Ila mwanafunzi akichelewa kulipa kuna saa inayohesabu hadi siku. Chuo kikichelewa, saa hiyo haipo. Mtu angeanza na kidogo tu: barua ya kuitwa chuoni iwe na tarehe ya kumaliza karibu na tarehe ya kuripoti, na kila chuo kitangaze kila mwaka ni wangapi walioivuka tarehe hiyo bila kosa lao. Haihitaji bilioni yoyote. Inahitaji mtu aone haya, na labda ndiyo sababu haijafanyika.

Mama alikataa kukata tiketi ya reli mpaka aone jina langu kwenye orodha ya wanaofuzu. Zamani angekata mwezi mmoja kabla na kuitangazia Kisauni nzima, lakini na yeye amesoma chuo hiki pamoja nami. Orodha ilitoka Jumanne jioni. Nikampigia. Akauliza, "Umeliona kwa macho yako?" Nikamwambia nimeliona, lipo ukurasa wa pili, ila wameruka herufi moja, na cheti kitachapishwa kwa kufuata orodha.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa mama wa mapokezi kabla hajafungua dirisha. Akaisoma, akatikisa kichwa, akanipa karatasi nyeupe. Niandike barua kwa msajili kupitia kwa mwenyekiti wa idara, akasema, niambatishe nakala ya kitambulisho, kisha nijaribu wiki ijayo.